Kuhama, Kuhamahama, Kuhamishwa: Mtenda Aliyefichwa katika Mjadala wa Usangu

Mjadala kuhusu Bonde la Usangu, mkoani Mbeya, umejengwa juu ya vitenzi vitatu vya mzizi mmoja. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu hukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, upande wa Iringa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi.

Kwa mfugaji, kuhama ni kufuata majira. Uradidi katika *kuhamahama* huifuta sababu hiyo: tendo huonekana la kujirudia tu, na mtendaji wake kama mtu asiye na kwao, ambaye kuondolewa kwake si hasara. *Kuhamishwa*, kwa kauli ya kutendwa, huruhusu mtenda asitajwe. Siku hizi nafasi hiyo hujazwa na mabadiliko ya tabianchi. Ukame ni wa kweli, lakini sentensi isemayo kwamba tabianchi imewahamisha watu huacha nje mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mbarali na amri ya dola.

Katika *Gamba la Nyoka* (1979), Kezilahabi alionesha wanavijiji wakihamishwa kwa nguvu, na mhamishaji akionekana waziwazi. Uhakiki wa fasihi ya tabianchi hauna budi kuuliza swali lilelile la kisarufi: nani amehamisha?