Maneno ya Mguu Mbele ya Tabibu

Neno mguu lachukua kiungo chote, tangu nyonga hata vidole. Upana huo haumsumbui mtu sokoni Kilwa Kivinje wala bandarini Lindi. Lakini mama afikapo kwa tabibu, akasema tu kwamba mguu wamwuma mwanawe, bado hajataja mahali. Na kosa hapa si dogo. Maradhi ya nyonga mara nyingi humwumiza mtoto gotini. Tabibu mwenye haraka hulitazama goti, akaliona zima, akamrudisha mtoto nyumbani.

Si kwamba lugha ni maskini. Paja, goti, muundi, kisigino, wayo: yote yamo vinywani mwa watu wa pwani. Upungufu umo katika kuuliza.

Listahililo lawama zaidi ni jina mguu kifundo, ambalo hospitali za Tanzania huutumia ulemavu wa kuzaliwa ambao wayo hugeukia ndani na kisigino kupanda juu. Kifundo cha mguu ni kiungo ambacho kila mtu anacho. Mzazi aambiwapo mwanawe ana mguu kifundo, ataelewa nini? Wayo uliopinda halina fahari ya istilahi, lakini lingemwonyesha mama mahali pa kutazama tangu siku ya kwanza. Wayo uliolazwa vibaya tumboni hurudi mahali pake ukisukumwa kwa kidole, huu haurudi. Na siku hizo zina thamani, kwa kuwa njia ya Ignacio Ponseti, tabibu wa Iowa nchini Marekani, huunyosha wayo kwa mikono na kuufunga plasta, ikibadilishwa kila juma kwa majuma machache. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, usiku, hata umri wa miaka 4 hivi.

Matege, kinyume chake, ni neno lililo wazi, ila lahukumu mapema mno. Mtoto wa mwaka 1 kwa kawaida ana matege. Afikapo miaka 3 au 4 magoti hukaribiana, na kufikia 7 miguu huwa imenyooka. Tege la upande mmoja, au lizidilo baada ya miaka 2, ndilo la kuchunguzwa, kwani huenda mifupa imelegea kwa upungufu wa vitamini D au wa madini ya kalisi.

Watunga istilahi wangefanya vema kuanzia Kivinje, kwa wakunga, ambao ndio waishikao miguu hiyo kwanza.