Asali na Dawa: Saadani wa Ujiji na Ashvaghosha wa Bara Hindi

Ujiji inatajwa duniani kwa wageni wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Haitajwi ipasavyo kwa mwanawe aliyezaliwa hapo mwaka 1926: Saadani Abdu Kandoro, malenga na mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Sababu mojawapo ni hukumu iliyozoeleka, kwamba shairi lenye mafunzo ni hotuba iliyovishwa vina.

Hukumu hiyo ina jibu la kale. Ashvaghosha, mshairi na mwanafalsafa wa Kibudha wa karne ya 1 au ya 2, alitunga kwa Kisanskriti Saundarananda, kisa cha Nanda, ndugu wa Buddha kwa baba, aliyenyolewa kuwa mtawa huku moyo ukibaki kwa mkewe, Sundari. Buddha anampeleka peponi kuwaona wanawake wa huko. Nanda anawatamani, mkewe anamtoka moyoni. Kisha anatahayarishwa kuwa utawa wake umegeuka biashara ya tamaa. Dawa ya moto ni moto. Mwishoni mtunzi anaeleza kuwa ushairi ni asali aliyoichanganya na dawa chungu ili inyweke.

Aliichanganya, hakuipaka juu. Uzuri wa Sundari anaousifu kwa beti tamu ndio maradhi yenyewe, na msomaji huyaonja kabla ya kutibiwa.

Kwa mizani hiyo, "Siafu Wamekazana", shairi la Saadani la zama za ukoloni, si hotuba. Lina siafu na nyoka, basi. Mkulima wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hahitaji kufasiriwa: amewaona siafu wakiingia nyumbani usiku, mwenye nyumba akatoka. Fumbo hapo si pambo. Ndilo funzo, na ndilo ngao ya mtunzi mbele ya mtawala.

Hata hivyo, Ashvaghosha ana jambo ambalo Saadani hana. Adui wa Nanda yumo kifuani mwake. Adui wa siafu yuko nje, naye ni mmoja, dhahiri. Fumbo hilo lilitosha kudai Uhuru wa mwaka 1961. Halikutosha kumwonya siafu ambaye, nyoka akishatoka, atalitamani shimo lake. Miongoni mwa siafu wa Saadani hakuna Nanda, na kumtunga huyo ni deni la malenga waliomfuata.