Nyumba ya Kugusa na Tanuri Linalokataa

Kwa desturi makumbusho humwambia mgeni: tazama, usiguse. Exploratorium ya San Francisco, aliyoiasisi mwanafizikia Frank Oppenheimer mwaka 1969, humwambia kinyume chake. Nilikwenda huko pamoja na ndugu yangu aishiye California, wanawe wawili, na shangazi yetu aliyekuja kututembelea kutoka Kaagya, Bukoba. Watoto walivuta kamba, wakazungusha magurudumu, wakatambaa katika kuba la giza ambamo njia hutafutwa kwa viganja tu. Shangazi aliiweka mikono yake nyuma.

"Mbona hapa kila kitu kinakubali?" akauliza.

Swali hilo ndilo uhakiki wangu wote. Mimi naliongezea maelezo tu.

Shangazi amekulia katika nchi ya wahunzi. Katuruka, huko huko Bukoba, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya uhunzi yenye umri wa miaka 2,000 na zaidi. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma tena, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo mingi baada ya chuma cha Ulaya kujaa masokoni. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya kale, wakalijaza shimo lake majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya moto, wakavukuta. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ile iliipasha hewa joto kabla haijaufikia moto. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo, na mimi si mwamuzi wao. Kwangu lililo zito zaidi ni lile walilolijua wazee wenyewe: tanuri kwao lilikuwa tumbo la uzazi, lenye miiko yake, na uzazi huweza kuharibika. Aliyelikaribia hakuwa mtalii.

Hapo ndipo niuonapo upungufu wa nyumba ile ya kugusa. Humfundisha mtoto kuuliza, na hilo ni jema mno (shule zetu za kukariri zingefaidika nalo). Lakini chombo kilichoandaliwa kisishindwe kamwe humnyima nusu ya elimu. Mtunzi wa mashairi ananielewa. Asubuhi nzima hupotea kwa kina kimoja kilichogoma, na mara nyingi ubeti huo ndio unaokuja kukumbukwa.

Haki itendeke, hata hivyo. Iko kazi moja ya makumbusho hayo inayokataa. Ni Kinanda cha Mawimbi, kilichojengwa mwaka 1986 na msanii Peter Richards pamoja na mwashi George Gonzales. Kiko mbali na nyumba yenyewe, kwenye ulimi wa mawe unaoingia katika ghuba, na mawe yake mengine yalitoka katika makaburi yaliyobomolewa. Mabomba yake hushuka majini. Wimbi likipiga, hewa na maji hugombana ndani, sauti ikatoka. Msomaji wa Pwani hana haja ya kuambiwa kwamba kinanda cha namna hiyo hutii bahari, si mgeni. Hulia vyema maji yanapojaa. Sisi tulifika yamekupwa.

Watoto walitega masikio, wakanuna, wakataka kurudi garini. Shangazi aliketi juu ya jiwe, akaikunja kanga yake magotini, akasema tungoje.