Heko Walimu wa Shule ya Jumapili

Mwaka 1780, mjini Gloucester, Uingereza, Robert Raikes alisaidia kuanzisha shule za Jumapili kwa watoto wa maskini, wengi wao vibarua siku nyingine zote. Kazi hiyo inaendelea makanisani mwetu, mara nyingi bila mshahara, na wanaoifanya wanastahili pongezi, kwa kuwa imani wanayoifundisha nao hufundishwa na watoto. Katika Injili ya Marko, Yesu aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto, akasema Ufalme wa Mungu ni wa walio kama wao. Mtoto hupokea bila kudai kwamba amestahili. Hiyo ndiyo neema, na mwalimu huishuhudia kila Jumapili.

Wapo wanaosema imani ya mtoto ni ujinga tu, kwani Paulo aliwakataza Wakorintho kuwa watoto katika akili. Ni kweli, lakini Paulo huyohuyo aliwataka wawe watoto wachanga katika uovu. Isitoshe, mtoto huuliza kwa nini Mungu aliacha bibi afe, wala haridhiki na jibu la kukariri. Mwalimu hulazimika kupima anachokiamini na kukiri mipaka yake. Kanisa linalomwona mtu huyu kama mtuliza kelele linajinyima. Limpe mafunzo, vitabu na heshima.