Mchawi Ni Yule Yule: Kumsikiliza Franco Tukiwa Kigali

Arusi ya Wakongomani hapa Kigali haiishi bila Franco Luambo. Wazee wanainuka, sisi wengine tunatoa simu. Na daima kuna mtu wa kusema: "Huyu ndiye aliyemwambia Mobutu ukweli."

Kweli? Nusu tu.

Mobutu, mwanajeshi, alitwaa nchi Novemba 1965. Tarehe 2 Juni 1966 wanasiasa wanne, akiwemo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, walinyongwa hadharani Kinshasa. Baada ya hapo Franco akaimba "Luvumbu Ndoki", hadithi ya mchawi anayewamaliza watu wake. Hakutaja mtu. Raia wakaelewa, serikali nayo ikaelewa: wimbo ukapigwa marufuku.

Sasa sikiliza "Candidat na biso Mobutu" wa 1984, mwaka ambao Mobutu alikuwa mgombea peke yake. Humo pia tunaonywa juu ya wachawi, lakini safari hii wachawi ni wapinzani wa Rais. Neno ni lile lile, limehamia upande wa pili. Na magitaa ni matamu, bwana! Mwili unakubali kabla kichwa hakijauliza.

Eti alilazimishwa. Lakini Brazil pia ilitawaliwa na jeshi. Gilberto Gil na Caetano Veloso walikamatwa Desemba 1968, kisha wakaenda kuishi uhamishoni London. Chico Buarque alitunga nyimbo kwa jina la uongo, Julinho da Adelaide, ili wakaguzi wasimtambue. Kumbe njia zilikuwepo. Ndivyo nilivyomwambia baba.

Baba alicheza animasio kazini kwao, zile ngoma za kumsifu Rais. Akaniangalia: "Wewe ulikuwa huko? Asiyecheza, kazi imeisha. Wakubwa zako walikula juu ya ile ngoma."

Nikanyamaza.

Bado naona wimbo wa 1984 ulifanya kazi chafu, na uliifanya vizuri kwa sababu Franco alikuwa fundi. Ila mimi niliyekimbia siwezi kujifanya kwamba ningebaki nikakataa. Ninachoomba ni kimoja: tusichague. Anayewapigia watoto wetu "Luvumbu Ndoki" awapigie na ule mwingine, kisha awaambie baba zao walicheza upi.