Skripti Inayosema Ilipofika

Karani wa mishahara amebonyeza kitufe. Huko kwenye seva, skripti imeanza kupitia wafanyakazi 4,000, mmoja baada ya mwingine. Kwenye kivinjari chake ukurasa umebaki mweupe. Dakika inapita. Hajui kama kazi inaendelea au imekufa, basi anabonyeza tena, na mwezi huu kuna watu watakaolipwa mara mbili. Simlaumu. Aliyemwacha gizani ni mwandishi wa programu.

Ndiyo maana nawaheshimu mafundi wanaoifanya skripti itaje ilipofika: 312 kati ya 4,000, kisha 313, kisha 314. Mwaka 1985 Brad Myers alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watumiaji huipenda zaidi programu inayowaonyesha kiasi cha kazi kilichokwisha. Karani hahitaji utafiti huo. Akiona namba zinapanda, atakwenda kunywa chai.

Kumbe kuufikisha mstari huo mmoja wa namba ni shughuli. Skripti ya PHP inaandika, lakini maandishi hayaendi moja kwa moja kwa msomaji. Mara nyingi PHP yenyewe huyashikilia mpaka zitimie baiti 4,096. Yakitoka hapo hukutana na gzip, inayotaka kukusanya kwanza ndipo ibane. Mbele kuna seva ya wavuti ya Nginx, nayo ina akiba yake. Ni maji ya bomba yanayolazimika kujaza kila tangi la njiani kabla tone halijafika kwenye ndoo. Fundi hupita tangi kwa tangi akifungua koki: ob_flush, kisha flush, kisha X-Accel-Buffering yenye neno no. Zamani tangi lilikuwapo hata mlangoni kwa msomaji: Internet Explorer haikuonyesha kitu mpaka ipate baiti 256, hivyo mafundi wakatanguliza nafasi tupu, mia mbili na ushee, ili kuishibisha. Huo ndio ufundi ninaousifu, hata kama hauna fahari.

Nginx, kwa mpangilio wake wa kawaida, huivumilia seva iliyo nyuma yake sekunde 60 za ukimya. Haijali kazi imechukua muda gani. Inajali imenyamaza muda gani. Skripti inayosema neno kila baada ya sekunde chache yaweza kufanya kazi saa nzima, mradi PHP nayo imeongezewa muda wake wa kufanya kazi, ambao kwa kawaida ni sekunde 30.

Siku hizi wengi huipeleka kazi kwenye foleni ya nyuma, na mara nyingi ndiyo njia bora. Lakini ule mstari wa rangi unaowekwa mahali pa namba, unaokimbia hadi asilimia 99 kisha ukaganda, sina hamu nao. Aliyeuchora huenda hakuhesabu chochote. Anayeandika 312 kati ya 4,000 amelazimika kuhesabu kabla ya kuanza.

Na kuna mtego. PHP haigundui kwamba msomaji amefunga dirisha mpaka ijaribu kumwandikia. Ikigundua, kwa kawaida hukatisha kazi. Yaani mstari uleule wa kumtuliza karani unaweza kuyaua malipo katikati. Fundi mzuri huweka ignore_user_abort mapema, tena humtia kila mfanyakazi alama kwenye hifadhidata kabla ya kuiandika namba yake kwenye ukurasa, ili umeme ukikatika kwenye 312, kazi ianzie kwa mtu wa 313.