Neno la Gazeti na Kikombe cha Jirani

Ugonjwa huingia mjini kwa njia yake, na habari zake kwa njia nyingine. Wala habari hazikosi kutangulia. Ndivyo ilivyokuwa kwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Yamkini wakazi wengi wa Kinondoni na Temeke walimjua mgonjwa kwa redio, gazeti na bango kabla ya kumwona kwa macho. Nao walionyeshwa mifupa, fuvu na jeneza.

Matangazo hayo hayakusema uongo. UKIMWI uliua kweli, na serikali haikuanza kutoa bure dawa za kupunguza makali mpaka mwaka 2004. Kosa lao lilikuwa katika mizani: kifo kilitajwa kwa sauti kuu, na namna ugonjwa usivyoambukizwa ikatajwa kwa mnong'ono. Mtu aliyetishwa bila ya kufundishwa hujikinga na kisichodhuru. Katika nyumba za Mwananyamala na Tandika, ambako wapangaji hushiriki ua mmoja na choo kimoja, hofu ya namna hiyo ilimwangukia jirani. Kikombe chake kilitengwa, kisha sahani, kisha mwenyewe. Virusi havikukaa katika kikombe. Hofu ndiyo iliyokaa.

Vijana walijibu vitisho kwa mzaha. Herufi za AIDS wakazifanya kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi", na aliyeambukizwa wakasema amekanyaga miwaya. Atishwaye kila siku mwisho hucheka. Hivyo hofu moja ilizaa watoto wawili, ubaguzi uani na dhihaka barazani, na hakuna kati yao aliyemkinga mtu.

Neno lililozoewa na magazeti lilikuwa "mwathirika". Sarufi yake yatosha kuhukumu: ni mtu aliyepatwa na jambo, asiyetenda lolote. Mwaka 1989 ilianzishwa Dar es Salaam jumuiya ya WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Ugonjwa ni ule ule, lakini katika jina hili mgonjwa amesimama, na jirani amesimama pamoja naye.

Sheria ya mwaka 2008 ilikataza unyanyapaa. Hata hivyo sheria haiingii uani kupanga vikombe. Neno la gazeti huingia humo kila asubuhi. Basi mwenye kalamu na alipime kabla halijatoka.